Mtu Aliyepigwa na Ngai Miaka Kumi na Minne

Mok Yiu-kei alikuwa amekufa mara elfu mbili mia tatu na kumi na moja kabla hajafikisha miaka arobaini, na hapo hazihesabiwi zile mara alizokufa nyuma kabisa, ndani ya moshi, ambako hata mkewe hakumtambua. Alikufa kwa panga, kwa mkuki, kwa benchi la mkahawa, kwa mwavuli, na safari moja kwa samaki mbichi. Kuna filamu alikufa mara tatu peke yake: kwanza akiwa na masharubu, kisha amenyolewa, kisha amefungwa kitambaa jichoni, na watu wa Kowloon, kule Hong Kong, wakashangilia mara zote tatu wala hakuna aliyeuliza kulikoni. Kupigwa ndiyo iliyokuwa kazi yake. Na aliyempiga, miaka kumi na minne mfululizo, alikuwa mtu mmoja tu: nyota Ngai Tin-fung.

Ngai huyo hakuwa mtu wa kutajwa kwa sauti ndogo. Filamu yake ikionyeshwa, wauza mayai waliokaa karibu na sinema walihamisha matenga yao mtaa wa tatu, kwa sababu akipiga ule ukelele wake maganda yalipasuka. Wako waliosema amewahi kuua fahali kwa kiganja. Wengine wakawasahihisha, si fahali, ni lori, tena lilikuwa limebeba saruji.

Upande wa pili alikuwepo nyota Sek Pak-ho. Sek hakupiga kelele. Alikunja nyusi tu, watu ishirini wakaanguka. Basi mji mzima ukagawanyika kama tikiti maji. Vinyozi walibishana wembe ukiwa shingoni mwa mteja: kama si filamu, kama ni kweli kabisa, nani angempiga mwenzake? Bibi arusi mmoja wa mtaa wa Sham Shui Po alirudi kwa mama yake na mapambo yake yote, ndoa ikiwa na siku nne, kisa mume alisema Sek angekuwa chini kabla chai haijapoa.

Mok aliujua ukweli, na ukweli ulimkaa tumboni kama wali mbichi. Ngai alikuwa muuza mashati mwenye mabega mazuri. Hakuwahi kumpiga mtu tangu azaliwe. Sek naye alikuwa dereva wa tajiri mmoja, akaonekana na mpiga picha akifungua mlango wa gari. Katika nyota wote aliowahi kuangukia, Mok alimjua mmoja tu aliyeweza kupigana, naye alikuwa mama mtu mzima aliyecheza sehemu za mama mkwe, aitwaye Bibi Kwan, ambaye siku moja alimshika Mok kifundo cha mkono kumwomba chumvi, na mkono ukafa ganzi siku mbili. Lakini nani angenunua tiketi kumwona mama mkwe?

"Amka basi, mwanamume wa Ngai," mkewe Sau-ngo alimwambia kila asubuhi. Alimpitisha mkanda chini ya makwapa, akaweka mguu kwenye ukingo wa kitanda, akavuta.

"Polepole, mke wangu! Hapo ndipo liliponiangukia paa la hekalu."

"La hekalu lilikuwa bega. Hapa ni zile ngazi."

"Ngazi zipi?"

"Za mwaka wa nyoka uliopita. Vuta pumzi. Haya."

Akisimamishwa namna hiyo, Mok alitembea hadi jioni. Lakini mwaka huo, 1977, mkanda ulianza kuvutwa mara mbili, kisha mara tatu, na Sau-ngo, ambaye mchana kutwa alifunga maua ya plastiki ya kiwandani sakafuni kwao, alichoka mikono. "Baba wee," alisema, "ama ukae kwenye kile kiti, ama nikuanike dirishani pamoja na nguo. Kusimama huwezi tena."

Kiti alichokisema kilikuwa cha mpanga mapigano. Mpanga mapigano hupewa kiti cha turubai, kikombe cha chai, na kazi ya kuwaambia wenzake waangukie wapi. Yeye haanguki. Bosi Yim, mwenye kampuni ya filamu, alikuwa anatengeneza filamu kubwa kuliko zote, na alikuwa ametangaza kwamba atamchukua nyota mmoja: ama Ngai, ama Sek, yule ambaye watu wanaamini anapiga kweli. Kila nyota huja na mtu wake. Ngai akichukuliwa, kiti ni cha Mok. Sek akichukuliwa, kiti ni cha Tam.

Huyo Tam Ping-sau hakuwa mgeni. Yeye na Mok walipelekwa na wazazi wao kwenye chuo kimoja cha michezo ya jukwaani wakiwa na miaka saba, wakalala mkeka mmoja miaka kumi na miwili. Mwalimu wao alikuwa na fimbo ya mwanzi na sheria mbili. Anayemgusa mwenzake kwa ngumi anachapwa, kwa sababu mwenzake ana onyesho kesho. Anayechelewa kuanguka naye anachapwa, kwa sababu watu wamelipa. Tam alitangulia chuoni kwa siku kumi, kwa hiyo hadi utu uzima Mok alimwita Kaka, na yeye Mok akaitwa Dogo. Tam ndiye aliyekuwa akipigwa na Sek. Kiuno chake nacho kilikuwa kimekwisha.

Wiki ile walikutana kwenye nyumba ya chai, pale ambapo wanaume huja na ndege zao tunduni na kukaa kutwa. Meza zote zilikuwa zimejaa. Tam alijimiminia chai, akaongea na Mok kwa sauti ya kusikiwa na jikoni.

"Dogo, Ngai wako, nasikia juzi alizabwa kofi na muuza samaki. Mwanamke. Akalia."

"Hakulia. Lilimwingia gamba la samaki jichoni."

"Macho yote mawili?"

Watu wakacheka mpaka ndege wakanyamaza. Mok akaweka andazi lake chini. "Na Sek wako anakunja nyusi kwa sababu haoni mbali. Mpe miwani, uone kama atamtisha mtu."

"Sek alimpiga bondia wa Bangkok!"

"Alimpigia simu."

Hapo Tam akasimama, na Mok akasimama, kila mmoja ameshika kiuno chake. Macho ya meza arobaini yalikuwa juu yao, na kila meza ilikuwa na midomo minane, na Mok alijua maneno yatakayotoka hapo yatamfikia Bosi Yim kabla ya saa ya chakula. Akakiona kile kiti. Akatoa uongo mkubwa kuliko wote aliowahi kuutoa.

"Mimi nimempigia Ngai magoti," alisema. "Nimempa chai kwa mikono miwili, akanywa. Mimi si mtu wa kupigwa tu. Mimi ni mwanafunzi wake. Alichonacho mkononi, amenipa nusu."

Kupiga magoti na kutoa chai si jambo la mchezo huko. Ukishafanya hivyo wewe ni kama mtoto wa kumzaa.

Tam angekaa chini, mambo yangeishia hapo, lakini na yeye alikiona kiti.

"Na mimi nimempa Sek," alisema. "Vikombe viwili."

Kwenye kona alikaa Hui, mwandishi wa gazeti la jioni, mtu mwembamba ambaye mwavuli wake ulikuwa mnene kuliko yeye. Alifunga daftari lake taratibu sana. Watu wa Kowloon wana desturi yao: mwalimu hajibu changamoto mpaka mwanafunzi wake apigwe kwanza. Miaka yote mji ulikuwa umeshindwa kuwapambanisha Ngai na Sek kwa sababu hawakuwa na wanafunzi wa kutanguliza. Sasa walikuwa nao.

Jioni ile gazeti liliandika kwa herufi kubwa kama mikate: Jumapili, saa sita mchana, juu ya paa la jengo la Mtaa wa Mianzi, mwanafunzi wa Ngai na mwanafunzi wa Sek. Bosi Yim akasema atakuja na kiti chake mwenyewe cha kukunja, na mwalimu wa atakayeshinda ndiye atakayepata filamu. Sek alipata homa ya ghafla akaenda kutibiwa Macau. Ngai alimtuma dereva wake amwambie Mok maneno mawili: "Pigana vizuri."

"Sasa utafanyaje?" Sau-ngo akamuuliza.

"Nitampiga."

"Kaka Tam?"

"Nitampiga kidogo. Tumboni. Ana tumbo."

Siku tatu Mok alilipiga gunia la mchele lililoning'inizwa mlangoni. Alilipiga vizuri kabisa, mchele ukatoka unga, majirani wakaja kuomba wa kupikia uji. Akajipa moyo. Mkono ulikuwa unagusa.

Jumapili watu walipanda kwenye mapaa tangu alfajiri. Walining'inia kwenye antena, walikaa juu ya matangi ya maji, na inasemekana jengo moja la jirani lilishuka kwa ghorofa nzima kwa uzito wao na halijapanda hadi leo. Akina mama wa jengo walikataa kuanua nguo zao, wakasema jua la Jumapili ni lao pia. Mok na Tam walikutana nyuma ya tangi, mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kuwaona.

"Dogo," Tam alisema, "tungeweza kupanga. Sisi tunajua kupanga."

"Tungeweza, Kaka. Nani ashinde?"

Tam akatazama viatu vyake. Mok akatazama vya kwake. Kiti kilikuwa kimoja. Wakatoka kwenye jua.

Tam alianza. Alipiga ukelele, akarusha ngumi ya kulia, na Mok aliiona ikija kutoka mbali kama mgeni anayepanda kilima. Aliona kwamba itapita pembeni ya sikio lake, upana wa vidole viwili. Aliona kwamba tumbo la Tam limebaki wazi kama mlango wa duka. Kichwa chake kilijua yote hayo. Lakini mwili haukukiuliza kichwa. Miguu ilijirusha, mgongo ukapinda, na Mok akaenda juu. Waliokuwepo wanaapa kwamba alivuka kamba tatu za nguo akashuka na suruali ya mtu shingoni. Na wakati anapaa, mguu wake ulizunguka mbele ya kifua cha Tam, kwa sababu mguu huzunguka hivyo kila mara, ndivyo filamu inavyopendeza. Haukumgusa. Tam aliuona tu. Akajizungusha mara tatu, akakohoa kama anayetema damu, akajibwaga chini ya tangi.



Wanaume wawili walikuwa wamelala kwenye saruji, kila mmoja amekufa upande wake, tena vizuri, mkono umekaa vizuri, uso umegeukia penye mwanga.

Bibi mmoja mwenye beseni la nguo ndiye aliyesema. "Mbona hawajagusana?"

Kicheko kilianzia kwenye paa lile, kikaruka mtaa, kikashuka ngazi, kikaingia sokoni. Mok alikisikia kikienda. Hakufumbua macho.

"Inuka, Dogo," Tam alinong'ona bila kusogeza midomo.

"Inuka wewe, Kaka."

"Siwezi. Hawajasema basi."

Na kweli. Miaka yote ile, aliyekufa haamki mpaka mtu wa kamera aseme basi, na juu ya paa lile hapakuwa na mtu wa kamera. Walilala mpaka jua likawaunguza masikio. Mok alisikia kiti cha Bosi Yim kikikunjwa, tak, na viatu vyake vikishuka ngazi bila haraka.

Kilichofuata mji haukukitegemea, na Mok hata kidogo. Watu walirudi sinema, lakini sasa hawakutazama ngumi. Walitazama nafasi iliyo kati ya ngumi na shavu. "Hajamgusa!" walipiga kelele gizani. "Hajamgusa! Hajamgusa!" Walirusha maganda ya machungwa. Bosi Yim aliichukua ile filamu kubwa akaigeuza ya mapenzi, yenye nyimbo kumi na moja na hakuna kofi hata moja. Ngai alirudi kwenye mashati. Sek alikawia Macau, kisha akasikika yuko Kanada. Basi mabishano yale ya vinyozi yalikwisha, si kwa mmoja kushinda, ila kwa sababu hakubaki mtu wa kumbishania.

Mok alikwenda ofisini kwa Bosi Yim. Alivaa shati safi, Sau-ngo akamvuta mkanda mara nne.

"Bosi, hata filamu ndogo," alisema. "Nyimbo nazo zinataka mtu wa kuanguka. Nitawapangia. Nitakaa tu."

Bosi Yim hakuwa mtu mbaya. "Mok, hujanikosea," alisema. "Umenionyesha tu kitu ambacho sikutaka kukiona. Mlango ule pale." Akainua mkono kumwonyesha.

Mok alijikuta kwenye zulia, chali, mguu mmoja juu ya meza ya chai.

Bosi Yim alimtazama muda mrefu. "Nimpe kiti mtu ambaye hawezi kukaa?" alisema, kwa upole, kama anayejiuliza mwenyewe.

Tangu siku ile kuanguka hakukumwacha. Abiria akiinua mkono kusimamisha basi, Mok alikuwa chini. Polisi wa barabarani alimwangusha mara sita kwenye njia panda moja, akamwandikia onyo la kuzuia magari. Alipata kibarua cha kubeba barafu karibu na soko la samaki la Yau Ma Tei, na wenzake walipogundua, ikawa ndiyo burudani ya mapumziko. "Haa!" mmoja angesema, na Mok angeruka na kipande cha barafu begani, barafu ikapasuka vipande mia. Msimamizi alikasirika, si kwa ajili ya Mok, kwa ajili ya barafu. Akamhamishia ndani, kwenye chumba cha baridi, kufagia maji peke yake.

Nyumbani Sau-ngo alijifunza kuishi bila kuinua mikono. Aliteremsha rafu zote zikafika kiunoni. Alianika nguo mumewe akiwa kazini. Siku moja tu alijisahau, nzi alitua kwenye bakuli la wali, akainua kiganja. Alipomaliza kumfuta mumewe supu, alicheka, kwa sababu ilikuwa inachekesha, kisha akaendelea kufunga maua yake akiwa ameinamisha kichwa chini sana, na maua aliyofunga jioni ile yalirudishwa na kiwanda.

Miaka miwili ikapita hivyo. Ndipo Tam akaja kwenye chumba cha barafu, asubuhi, amevaa koti jipya la pamba na ameshika sanduku. Binamu yake alikuwa na mkahawa Uholanzi. Anakwenda kukaanga tambi.

"Mimi nami mikono ya watu inaniangusha, Dogo," alisema. "Kule wananiambia ni baridi, watu wanaficha mikono mifukoni. Pengine nitasimama."

"Pengine, Kaka."

"Ila kuna kitu kimoja nataka kabla sijaondoka." Akaweka sanduku chini, akaangalia huku na huku. "Nipige."

"Nini?"

"Nipige ngumi. Ya kweli. Tangu tuna miaka saba hatujawahi kugusana. Nataka nikiulizwa kule, ulikuwa nani, niseme nilikuwa nabishana na mtu mmoja, akanipiga, ikauma. Nitafumba macho nisiione ikija. Nitasimama, utaona."

Alifumba macho, akapanua miguu, akashusha mikono. Mok akavua glavu zake za barafu. Alimtazama rafiki yake, shavu lile la nyama, nywele zilizoanza kuwa nyeupe, na akataka kumpa. Hakuwahi kutaka kumpa mtu kitu kama alivyotaka asubuhi ile. Akavuta mkono nyuma, akarusha.

Ngumi ilisimama upana wa vidole viwili kutoka kwenye shavu.

Akarusha tena. Ikasimama palepale. Akaushika mkono wa kulia kwa wa kushoto akausukuma kama mtu anayesukuma mkokoteni kwenye matope, jasho likamtoka ndani ya chumba cha barafu. Mkono haukwenda.

"Bado?" Tam aliuliza, macho amefumba kwa nguvu.

"Bado kidogo."

Akakusanya kila kitu alichokuwa nacho, akarusha mara ya tatu, kwa kasi, na upepo wa ngumi ukamfikia Tam kwenye kope. Tam akaenda. Alizunguka vizuri, mara mbili na nusu, akaanguka kwenye maji ya barafu na koti lake jipya.

Alilala palepale, akisubiri.

"Basi," Mok akasema.

Tam akainuka. Mok akampangusa koti kwa gunia kavu, mgongo kwanza, kisha mikono. Hawakutajiana Ngai wala Sek. Tam alichukua sanduku lake akatoka kwenye jua, akashuka mtaa kati ya matenga ya samaki, akichechemea kwa upande ule wa kiuno. Mok alisimama mlangoni kumsindikiza kwa macho. Kwenye kona Tam aligeuka. Mkono wake ulianza kupanda ili ampungie, ukafika kifuani, akakumbuka, akauingiza mfukoni, na akapotea kwenye kona.